Miluzi ya Umeme na Mlio wa Dunia

Kila mtu aliyepata kukaa mbele ya simu ya upepo wakati wa masika anaijua kero moja. Msemaji anasema vizuri, watu wamenyamaza kimya, mara chombo kinakwaruza, kra, kra, kra, na neno lile lililotakiwa kusikiwa limepotea. Mwenye chombo hukipiga kofi, au hukizungusha kifungo, au humlaumu fundi aliyekitengeneza. Lakini fundi hana hatia, wala chombo hakina ugonjwa. Kelele ile ni radi iliyopiga mahali fulani, pengine katika mlima ulio karibu, pengine ng'ambo ya ziwa, pengine katika nchi ya watu wengine kabisa.

Leo twataka kueleza historia ya kelele hiyo: jinsi watu waliokuwa na kazi nyingine walivyokutana nayo, jinsi ilivyodharauliwa muda mrefu, na mambo makubwa iliyotufundisha mwishowe. Kisha tutaligusa swali ambalo watu wengi huliuliza, nalo ni hili: je, mawimbi hayo yana nguvu yo yote juu ya miili ya wanadamu na wanyama? Katika swali hilo tutakwenda taratibu, maana hapo elimu na dhana zimeketi juu ya mkeka mmoja, na mgeni aweza kushindwa kuzitenga.

Kwanza yafaa tuelewe jambo moja. Radi ipigapo huzaa vitu vitatu: mwanga, ngurumo, na mawimbi ya umeme. Mwanga twauona kwa macho. Ngurumo twaisikia kwa masikio, nayo huja polepole, kadiri ya kilomita moja kwa sekunde tatu. Mawimbi ya umeme hatuna kiungo cha kuyatambua, nayo huenda mbio sawasawa na mwanga, yaani kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Mawimbi hayo ni ya namna nyingi. Mengine hutikisika mara milioni kwa sekunde, kama yale yachukuayo habari za redio. Mengine hutikisika mara elfu chache tu, na mengine mara nane. Hayo ya polepole ndiyo tunayotaka kuyanena leo. Si sauti, kwa maana sauti ni mtikisiko wa hewa. Lakini yakikuta waya mrefu hutia ndani yake mkondo mdogo wa umeme, na chombo cha kusikilizia cha simu hugeuza mkondo huo kuwa sauti. Kwa hiyo wanadamu hawakuweza kuyasikia mpaka walipotandaza nyaya juu ya nchi.

Dalili ya kwanza ilionekana katika mwaka 1859. Tarehe 1 Septemba Mwingereza aitwaye Richard Carrington, aliyekuwa akilichungulia jua kwa darubini, aliona mwanga mkali ukichomoza ghafula katika madoa ya jua. Usiku uliofuata mbingu zilijaa mianga ya rangi, hata katika nchi ambazo hazikuizoea, na simu za maandishi zikavurugika katika Ulaya na Marekani. Makarani wengine walipigwa na umeme wa nyaya zao. Makarani wawili wa Marekani, mmoja katika mji wa Boston na mwenziwe Portland, waliamua kuzifungua betri zao na kuziweka kando. Wakapelekeana habari kwa muda wa saa mbili hivi, bila betri, kwa nguvu ya umeme ulioingia katika waya wenyewe. Hapo watu walitambua kwamba dunia na mbingu zina umeme wao, wala haungoji ruhusa ya mwanadamu.

Miaka kumi na saba baadaye, katika mwaka 1876, Alexander Graham Bell alitengeneza simu ya kusemea. Msaidizi wake, Thomas Watson, alikuwa na waya wa chuma uliopita juu ya mapaa ya nyumba za Boston. Usiku, watu walipolala na miji kunyamaza, Watson alipenda kukitia chombo sikioni na kusikiliza tu. Siku zile hakukuwa na mitambo ya umeme mijini wala magari ya umeme, basi waya ule ulikuwa mtulivu kama kisima. Alisikia michakacho, na mikwaruzo, na sauti kama ya ndege alialiaye. Alidhani labda ni mishindo itokayo katika jua, au ishara za watu wa nyota nyingine. Dhana yake haikuwa sahihi, lakini usikivu wake ulikuwa sahihi. Huenda alikuwa mtu wa kwanza duniani kuzisikia sauti hizo.

Katika mwezi wa Machi 1894, wakati mianga ya mbinguni ilipoonekana tena kwa nguvu, makarani wa simu katika Uingereza walisikia miluzi na milio ya ajabu katika nyaya zao, na mhandisi mkuu wa Posta, William Preece, akaandika habari zao. Mwaka uliofuata, katika Urusi, mwalimu mmoja wa shule ya wanamaji, Alexander Popov, alionyesha mbele ya wataalamu wa mji wa St Petersburg chombo kilichopiga kengele kila radi ilipopiga mbali. Tarehe ilikuwa 7 Mei 1895. Chombo cha Popov kilikuwa mmojawapo wa mababu wa simu ya upepo, nacho kilianza kazi yake kwa kuisikiliza radi. Kelele tunayoilaumu leo ni mkubwa wa redio kwa umri.

Kisha ikaja Vita Kuu ya 1914 hata 1918. Katika Ufaransa majeshi yalikaa ndani ya mahandaki, yakitazamana kwa karibu, na maofisa walisemezana kwa simu za nyaya zilizolazwa chini. Umeme wa simu hizo ulivuja kidogo katika udongo. Mdachi mmoja, Heinrich Barkhausen, alipewa kazi ya kuudaka umeme huo uliovuja, ili jeshi lake lipate kuyasikia mashauri ya adui. Alichomeka vyuma viwili katika ardhi mbalimbali, akaviunga na chombo cha kukuza sauti, akasikiliza. Siku nyingine maneno ya adui yalizibwa kabisa na mluzi mrefu, uanzao juu na kushuka chini, piiiuuu, kwa muda wa sekunde moja au zaidi. Askari waliokuwa zamu walisema kwamba wanasikia makombora yakiruka angani. Lakini Barkhausen aliona kwamba miluzi hiyo haikufuata mizinga. Ilikuja hata ilipokuwa kimya. Vita vilipokwisha aliandika habari hiyo, katika mwaka 1919, akisema kwamba sababu yake lazima itafutwe katika mambo ya hewa na anga.

Mwingereza aitwaye Eckersley aliifuata kazi hiyo, na katika mwaka 1935 alieleza kwa hesabu kwa nini mluzi hushuka. Tuseme kengele ya shule imelia, na watoto wote wametoka mlangoni pamoja. Kwao ni mbali. Wenye mbio hufika kwanza, na wenye mwendo wa pole hufika nyuma. Kadiri njia ilivyo ndefu, ndivyo wanavyoachana. Radi nayo hutoa mawimbi yote kwa pigo moja, lakini mawimbi hayo yapitapo mahali penye chembe za umeme, yale ya mitikisiko mingi hutangulia na yale ya mitikisiko michache hukawia. Kwa hiyo sikio husikia kwanza sauti nyembamba, kisha nene. Kutoka kupiga kwa radi mpaka kufika kwa mluzi, ni lazima njia iwe ndefu mno. Swali likawa: njia gani hiyo?

Jibu lilipatikana Cambridge katika miaka ya mwanzo baada ya 1950. Kijana mmoja mwanafunzi, L. R. O. Storey, aliisikiliza miluzi usiku na mchana, akaandika katika mwaka 1953 kwamba mawimbi hayo hayabaki karibu na nchi. Hupanda juu maelfu ya kilomita, yakifuata mistari ya nguvu ya sumaku ya dunia, hupinda juu ya ikweta, kisha hushuka upande wa pili wa dunia. Radi ikipiga kusini, mluzi husikika kaskazini. Nayo hayangeweza kufuata njia hiyo kama huko juu hakuna kitu. Basi mahali ambapo wataalamu walidhani kuwa karibu patupu kabisa, palikuwa na chembe nyingi za umeme kuliko walivyodhani. Katikati ya miaka hiyo wasikilizaji waliwekwa sehemu mbili zinazoelekeana kwa mstari mmoja wa sumaku, wengine katika visiwa vya Alaska na wengine New Zealand, nao wakaisikia miluzi kama Storey alivyosema. Tukumbuke kwamba wakati huo hapakuwa na chombo cho chote kilichopata kurushwa hata kuizunguka dunia. Mtu aliketi chini kwa waya na sikio, akaipima anga ya juu. Vyombo vilipokwenda huko, kama Alouette 1 ya Kanada katika mwaka 1962, viliisikia miluzi ile ile. Na katika mwaka 1979 chombo Voyager 1 kiliisikia karibu na sayari Jupiter, ikawa ushahidi kwamba huko pia kuna radi.

Katika miaka ile ile ya 1950 sauti nyingine iligunduliwa, nzito zaidi, ambayo hakuna sikio liwezalo kuisikia hata kwa simu. Mtaalamu wa Munich, Winfried Otto Schumann, alifikiri hivi. Dunia hupitisha umeme. Juu yake, kuanzia kadiri ya kilomita 60 hata 100, kuna tabaka la hewa ambalo nalo hupitisha umeme. Kati ya hayo mawili kuna nafasi, kama nafasi iliyo kati ya chungu kikubwa na chungu kidogo kilichotiwa ndani yake. Ngoma ikipigwa hutoa mlio wake wenyewe, nao hutegemea ukubwa wa ngoma. Je, nafasi hii haina mlio wake? Duara ya dunia ni kilomita 40,000, na wimbi huenda 300,000 kwa sekunde. Basi laweza kuizunguka dunia mara saba na nusu kwa sekunde moja. Kwa hesabu hiyo na nyingine zilizo ngumu zaidi, Schumann alitabiri katika mwaka 1952 kwamba dunia ina mlio wa umeme wa mitikisiko michache kwa sekunde. Katika mwaka 1960 Waamerika wawili, Balser na Wagner, waliupima waziwazi. Wa kwanza ni karibu 8 kwa sekunde, na mingine hufuata karibu na 14, 20 na 26.

Mpigaji wa ngoma hiyo ni radi. Hesabu zilizofanywa kwa vyombo vya angani tangu mwaka 1995 zaonyesha kwamba radi hupiga duniani kote kadiri ya mara 44 kwa kila sekunde. Na hapa Afrika yetu ina sehemu kubwa. Karibu na Kabare, katika milima ya mashariki ya Kongo, hesabu iliyotolewa mwaka 2016 ilipata radi 205 kwa mwaka katika kila kilomita moja ya mraba. Ni Ziwa Maracaibo peke yake, katika Venezuela, lililopita hapo, kwa radi 233. Wenye vyombo vya kuupima mlio wa dunia huziona bara tatu zikipokezana zamu kwa siku. Kwa saa zetu za Afrika ya Mashariki, Asia huvuma kadiri ya saa tano asubuhi, Afrika kadiri ya saa kumi na moja jioni, na Amerika kadiri ya saa tano usiku. Mawingu ya jioni juu ya Kongo hupimwa na mtu aliyeketi katika theluji ya kaskazini, bila yeye kuyaona.

Sasa tulifikie lile swali la miili. Lilizaliwa kwa jambo lililoonekana kama ajabu. Tabibu wa Jena, Hans Berger, alikuwa amepata kupima umeme wa ubongo wa mtu katika mwaka 1924, akatangaza habari hiyo mwaka 1929. Mtu akistarehe na kufumba macho, umeme wa ubongo wake hutikisika mara 8 hata 13 kwa sekunde. Schumann alipotaja hesabu yake, watu walishtuka: mlio wa dunia na mlio wa ubongo ni karibu kulingana! Wengine wakasema mara moja kwamba dunia ndiyo iongozayo ubongo. Lakini tuwe waangalifu. Mwanamke atwangaye mtama nyuani aweza kuupiga mchi sawasawa na hatua za mtu apitaye njiani, wala hakuna aliyemwongoza mwenziwe. Kulingana kwa hesabu ni sababu ya kuuliza, si jibu.

Watu waliuliza kwa vitendo. Katika mwaka 1964, huko Andechs karibu na Munich, Jürgen Aschoff na Rütger Wever walijengewa nyumba chini ya ardhi, yenye makao mawili. Watu walikubali kukaa humo majuma mengi, bila saa, bila jua, bila kujua siku. Makao moja yalizungushiwa chuma ili mawimbi ya nje yasiingie. Wever aliona kwamba wakaao ndani ya chuma, siku ya miili yao, yaani kulala na kuamka, ilirefuka kidogo kuliko ya wenzao. Naye alipotia mawimbi yake ya mitikisiko 10 kwa sekunde, ikafupika. Habari hiyo yasimuliwa sana hata leo. Lakini wasimulizi wengi huacha mambo mawili. La kwanza, mawimbi aliyoyatia Wever yalikuwa na nguvu maelfu ya mara kuliko mlio wa dunia wenyewe. La pili, watu wale waliziwasha na kuzizima taa zao kwa hiari yao, na baadaye ilijulikana kwamba taa huisogeza saa ya mwili kwa nguvu sana. Charles Czeisler na wenzake wa Boston, walipoutawala mwanga kwa uangalifu, walipata katika mwaka 1999 kwamba saa ya mwili wa mtu ni karibu saa 24 na dakika kumi na chache. Basi kiongozi mkuu wa usingizi wetu ni mwanga wa jua.

Tutazame pia ukubwa wa vitu. Sumaku ya dunia, ile igeuzayo sindano ya dira, ina nguvu kama mara milioni hamsini kuliko sumaku ya mlio wa dunia. Si neno lisilowezekana kwamba kitu kidogo hivyo kiguse mwili, lakini ni neno lihitajilo ushahidi mzito, na ushahidi huo juu ya wanadamu haujapatikana.

Kwa wanyama habari ni nyingine, maana wako waliopewa kiungo tusichokuwa nacho. Katika mwaka 1951 Hans Lissmann wa Cambridge alitangaza kwamba samaki mmoja wa mito ya Afrika, Gymnarchus, hutoa umeme mdogo mkiani mwake bila kukoma, na kwa huo hutambua vitu gizani. Jamaa zake wako katika maziwa yetu. Wavuvi wa Ziwa Viktoria wamjua domodomo, mwenye mdomo kama mkonga. Katika mwaka 1971 Adrianus Kalmijn alithibitisha kwamba papa humgundua samaki aliyejizika mchangani kwa umeme wa mwili wake tu. Na katika mwaka 1973 Carl Hopkins alionyesha kwamba samaki wa umeme wasemezanapo, kelele kubwa iwazungukayo majini ni radi za mbali. Kwa hiyo kuna viumbe ambao kwao ile kra, kra, kra si jambo la mashine. Wameishi nayo tangu kuumbwa kwao, kama sisi tuishivyo na kelele za upepo.

Kuna habari moja zaidi, nayo yatuhusu sisi watu wa redio. Ndege wengine wasafirio kati ya nchi na nchi huifuata sumaku ya dunia kama dira. Wolfgang Wiltschko alilionyesha hilo kwa ndege wadogo wa Ulaya katika miaka ya 1960. Katika mwaka 2014 Henrik Mouritsen na wenzake wa Oldenburg walitangaza kazi ya miaka saba. Ndege wao, waliowekwa katika vibanda vya mbao mjini, walipotewa na njia kabisa. Vibanda vilipofunikwa kwa bati za alumini zilizoungwa na ardhi, ndege wakaiona njia. Lililowapoteza ni kelele za umeme zitokazo katika vyombo vya wanadamu, katika mitikisiko ile ile ya redio za masafa ya kati. Sumaku ya dunia waliijua. Mawimbi yetu waliyaona fujo.

Basi tufunge kwa onyo na shauri. Wako leo wauzao vyombo vidogo, wakisema kwamba hutoa mlio wa dunia na kuponya usingizi mbaya, maumivu na huzuni. Wengine husema kwamba mlio huo unapanda mwaka kwa mwaka, na kwamba ndiyo maana watu wamechoka. Mwulizeni muuzaji swali moja: je, dunia imepungua ukubwa? Maana mlio wa ngoma hufuata ngoma, na duara ya dunia ni ile ile. Huyumba kidogo kwa saa na kwa majira, kisha hurudi. Mwenye ugonjwa na aende kwa tabibu, na fedha yake imfae kwa dawa iliyojaribiwa.

Na mwenye simu ya upepo, masika yajapo, asikasirike mara moja. Azungushe kifungo mpaka pasipo na msemaji, asikilize. Akiona mwanga wa radi na kusikia mkwaruzo kwa pamoja, ahesabu sekunde mpaka ngurumo ifike, agawanye kwa tatu, naye atajua radi iko kilomita ngapi. Ikiwa imekaribia, na azime chombo, aufungue waya uliotoka nje, aingie ndani ya nyumba imara, wala asisimame chini ya mti ulio peke yake. Watson, Barkhausen na Storey hawakuwa na sikio kubwa kuliko letu. Waliisikiliza kelele ambayo wengine waliizima, kisha hawakusema zaidi ya walivyosikia. Na pale dhana zao zilipokosea, waliokuja nyuma walizisahihisha. Kusikia si kuelewa, lakini asiyesikiliza hataelewa kamwe.